Kocha na Kikombe cha Maziwa

"Umemfanyia nini yule mzee?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa nyuma ya kaunta ya duka letu pale Isingiro, mikono yake ikiendelea kufunga sukari ya robo kilo kana kwamba swali lenyewe halikuwa zito. Muda mfupi kabla ya hapo lori lilikuwa limepita barabarani na kuacha vumbi jekundu mpaka ndani ya duka. Nyuma ya lori walikuwemo wasichana kumi wa timu yetu ya netiboli, wanaimba, wanaelekea Bukoba kwenye mashindano ya mkoa. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya gunia la chumvi, raba zangu zimefungwa kamba vizuri, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilicheza senta, na hata wasionipenda walikubali kwamba bila mimi mpira haukufika mbele. Kule Bukoba wangekuja walimu wa shule moja ya bweni kuchagua wasichana wawili wanaojua mpira, wawasomeshe bure hadi kidato cha sita. Safari hiyo niliitaka kuliko kitu chochote, maana baba alikwishasema kwamba nikimaliza kidato cha nne nitakaa dukani. Na mzee aliyeandika orodha ya wasafiri hakuniandika.

Kila mtu alijua mimi ni mtoto wa maswali. Niliwauliza walimu wa dini, niliwauliza walimu wa hesabu, nilimwuliza baba kwa nini anazima redio taarifa ya habari ikianza. Lakini hili la mama lilikuwa swali langu pia. Sikujua nimemfanyia nini.

Sitamtaja jina. Sisi wenyewe hatukulitumia. Tulimwita Kocha, na wanaume waliokaa kwenye benchi la nje ya duka letu walimwita "kocha wa sketi", kisha wakacheka. Mwanamume mzima, mfugaji, mwenye ng'ombe wake kumi na wawili, anaacha kazi saa tisa alasiri anakwenda kuwafundisha wasichana kurusha mpira kwenye kipete cha nondo. Siku moja mmoja wao alimwuliza mbele ya watu:

"Mzee, na wewe ukivaa sketi utacheza namba ngapi?"

Kocha alisimamisha baiskeli, akafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo la maana.

"Mlinzi," akasema. "Sina mbio, lakini nina mikono mirefu."

Akapanda baiskeli yake akaenda.

Nimesoma chuo kikuu tangu wakati huo, na nimewahi kukaa kwenye semina ambapo mtu alibandika karatasi ukutani akatuambia tuorodheshe sifa za kocha bora wa vijana. Watu walitaja: awe mchezaji wa zamani, ajue kuhamasisha, awe na sauti ya mamlaka, awasiliane vizuri, awe mfano wa ushindi. Nilikaa nikampima Kocha kwa orodha ile, sifa baada ya sifa, naye akawa anaanguka. Hakuwahi kucheza netiboli. Alijifunza sheria zake kwenye kijitabu kisicho na jalada ambacho alikifunga kwa mpira wa baiskeli. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ulilazimika kusogea ili umsikie. Tulipokuwa tunashinda aliupa uwanja mgongo akatazama mlima, na tulipokuwa tunashindwa aligeuka na kututazama mpaka mwisho. Nilimwuliza kwa nini anafanya hivyo.

"Mkishinda mnanihitaji nini?" akasema.

Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kule, kilichozaliwa juu ya Kinyambo, lugha ya nyumbani kwao. Herufi "l" mara nyingi ilimpita, ikawa "r". Alituambia turinde goli, turete mpira, tusirare. Kwetu nyumbani tulizungumza Kiswahili tangu utotoni, babu yangu alikuja Karagwe kutoka Tanga na magunia yake ya nguo, kwa hiyo nilijiona nina haki ya kumsahihisha.

"Ni 'linda', Kocha."

"Sawa," akasema. "Rinda."

Wenzangu wakaanguka chini kwa kicheko. Na yeye akacheka, taratibu, mabega tu yakitikisika. Baada ya hapo timu nzima ilipiga kelele "Rinda! Rinda!" kila mpinzani alipokaribia, na timu za shule nyingine zikadhani ni mbinu ya siri.

Maswali yangu hakuyakataza. Nilimwuliza kwa nini tunazunguka uwanja mara mbili na si tatu, kwa nini tunaanza na pasi za kifuani, kwa nini anatuchezesha bila mpira dakika nzima kila siku, tukikimbilia nafasi tupu kama wendawazimu. Alinijibu kwa maneno matatu ambayo niliyasikia mpaka yakanichosha: "Uliza huku unakimbia." Nami niliuliza huku nakimbia, pumzi zikinikata, na mara nyingi nilipofika mwisho wa mzunguko nilikuwa nimeshajijibu mwenyewe. Hilo lilinikera.

Kulikuwa na swali lake moja, na ndilo lililotutenganisha na timu nyingine zote. Wakati wa mapumziko, makocha wengine walipokuwa wanafoka, yeye alichuchumaa katikati yetu akauliza: "Nani amechoka?" Sheria ilikuwa kwamba huruhusiwi kujitaja. Ulitakiwa umtaje mwenzako. Mara ya kwanza nilibisha.

"Kocha, kila mtu anaujua mwili wake mwenyewe."

"Nina ng'ombe kumi na wawili," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia anaumwa."

"Sisi siyo ng'ombe."

"Ndiyo. Nyinyi mna mdomo na bado hamsemi."

Katika mchezo mmoja dhidi ya timu ya Nkwenda, alipouliza, nilimtaja Kemilembe, mfungaji wetu. Kemilembe alikuwa rafiki yangu, mtoto wa wafugaji, msichana mwenye dharau nzuri ya mtu anayejua anafunga. Alinigeukia kwa hasira.

"Mimi? Umeniona wapi nimechoka, wewe Mswahili?"

Mswahili, kwetu, ni mtu wa mjini, Mwislamu, mwenye duka. Hakuwa amenitukana sana. Nilisema alikuwa ameacha kuruka, alikuwa anafunga akiwa amesimama tu. Kocha akamtoa. Tulikuwa nyuma kwa mabao mawili na yeye akamtoa mfungaji! Kemilembe akaketi pembeni analia, na mchezo ulipokwisha alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa malaria. Kocha alimpakia kwenye baiskeli akamsukuma hadi zahanati, yeye mwenyewe akitembea. Tulifungwa siku ile.

Ukweli wake ulikuwa wa kuudhi. Mwamuzi alipokosa kuona mchezaji wetu akimsukuma mpinzani, Kocha alinyoosha mkono kutoka pembeni: "Huyu wa kwangu amesukuma." Tulimzomea, sisi wenyewe, timu yake. Mwalimu mkuu alimwambia kwamba anatupotezea michezo kwa utakatifu. Kocha alikwenda kanisani kila Jumapili lakini alikataa tusali kabla ya mchezo. "Wale wa upande wa pili nao wanaye," alisema.

Alikuja pia dukani kwetu, mwanzoni kabisa, kuniombea ruhusa. Baba alikuwa amekataa. Binti yake hatacheza na sketi fupi mbele ya wanaume.

"Shikamoo, mzee," baba akamwambia, kwa baridi.

"Marahaba. Nimekuja kuhusu sketi."

Baba hakutegemea mtu aanze hivyo. Akamkaribisha chai. Walipomaliza kikombe cha kwanza, Kocha akauliza: "Akivaa suruari ndefu ndani, na kitambaa chake kichwani?"

"Peke yake? Waanze kumcheka?"

"Peke yake hapana."

Wiki iliyofuata timu nzima, Wakatoliki, Walutheri, na mimi, ilivaa suruali ndefu chini ya sketi, na wengi walijifunga vitambaa kichwani kwa sababu ya jua, walivyosema. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba tunaonekana kama wapishi wa harusi. Tulicheza hivyohivyo. Na Ramadhani ilipofika, Kocha hakuleta maziwa mwezi mzima. Mimi nilifunga, na hakuna aliyekunywa mbele yangu.

Maziwa ni lazima niyaeleze. Kila siku ya mazoezi alikuja na chombo cha mti kilichofukizwa kwa moshi wa nyasi, kimefungwa nyuma ya baiskeli, na kikombe kimoja cha bati. Tulipomaliza mizunguko miwili tulipanga mstari. Kocha alimimina, kila mmoja akanywa, kikombe kikaenda kwa anayefuata. Asiyetaka alisema neno moja, "Nimeshiba," na kikombe kikampita. Kocha hakumwuliza kitu. Alimwambia tu, "Basi wewe leo shika firimbi," na siku hiyo, na pengine mbili zilizofuata, msichana yule alikaa kivulini kama mwamuzi, au akahesabu mabao.

Mimi sikuyapenda maziwa yale. Yalikuwa na harufu ya moshi, na kwetu tulizoea maziwa kwenye chai yenye tangawizi. Mwaka wangu wa kwanza katika timu nilisema "nimeshiba" siku yoyote niliyojisikia, mara mbili wiki moja, wiki nyingine sikusema kabisa. Kocha alinipa filimbi, akawa ananitazama kidogo kama mtu anayesoma mwandiko mbaya. Wenzangu walitazamana. Nilidhani wananionea wivu kwa sababu nakwepa mazoezi.

Mwaka uliofuata tulishinda mashindano ya wilaya, na kukawa na miezi mitatu kabla ya safari ya Bukoba. Hapo nilianza kutumia akili, au nilichokiita akili. Nilichunguza. Niliona kwamba wanaosema "nimeshiba" wanaketishwa. Niliona kwamba wanaoketishwa wanakosa mazoezi. Nikajumlisha: Kocha anapima utii wetu kwa kikombe, na anayekataa maziwa yake anajiandikia nje ya timu. Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo nilikunywa. Nilikunywa kila siku ya mazoezi kwa miezi mitatu, naziba pumzi ili nisisikie moshi, kisha nafuta mdomo na kumtazama Kocha usoni ili ahakikishe ameniona.

Aliniona. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa ananitazama kuliko mtu yeyote. Nilifurahi. Nilihisi jina langu liko mkononi mwake. Siku moja aliniambia nisiruke sana kwenye kona ya uwanja, kuna mashimo. Siku nyingine aliniongezea kikombe cha pili bila mimi kuomba, na Kemilembe akaninong'oneza, "Wewe siku hizi vipi?" Nikamjibu, "Nakunywa, au huoni?" Akageuza uso.

Orodha aliisoma mwenyewe, uwanjani, siku ya Ijumaa, kwenye karatasi ya daftari. Majina kumi. Nilisubiri langu mpaka la mwisho, na lilipokuja la mwisho lilikuwa la msichana wa akiba asiyejua kudaka.

"Kocha, umeniruka," nikasema.

"Sikukuruka."

"Mimi ni senta."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Yeye alikunja karatasi mara mbili, tatu, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

"Mwaka huu pumzika, mwanangu."

"Nipumzike nini? Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Pumzika. Kura vizuri."

Kula vizuri! Nakumbuka mtu mmoja alicheka, kwa woga. Nilitafuta sababu haraka, kama nilivyozoea kutafuta sababu ya kila jambo, na nikaipata iliyokuwa karibu zaidi.

"Ni kwa sababu mimi si wa kwenu," nikasema kwa sauti ambayo hata walinzi wa shule walisikia. "Ni kwa sababu mimi Mswahili. Unabeba watu wa kanisa lako. Mbaguzi wewe!"

Kocha akaenda kufungua baiskeli yake akaondoka, na siku ile, kwa mara ya kwanza, alisahau kikombe uwanjani.

Maneno yangu yalimtangulia mjini. Kwenye benchi la nje ya duka letu hawakumwita tena kocha wa sketi, walimwita mbaguzi, na baadhi yao walifurahi kupata neno zito. Baba alikwenda shuleni. Timu ilikwenda Bukoba bila senta ikafungwa michezo yote. Waliporudi, Kocha alikuwa ameondolewa. Alikabidhi filimbi na kile kijitabu, na hakuonekana tena uwanjani. Alihamia Mabira kwa ndugu zake. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikakaa dukani miaka miwili, napima chumvi, mpaka mjomba wangu wa Tanga aliponichukua kunisomesha. Miaka yote hiyo niliamini kwamba nilimtendea haki. Nilipofika chuo niliwahi kuandika insha kuhusu ubaguzi wa kidini michezoni, na mfano wangu alikuwa yeye. Nilipata alama nzuri.

Nilimwona tena mwaka jana. Nilikuwa nimerudi nyumbani likizo, na Kemilembe, ambaye ameolewa Nyakatuntu na ana duka la pembejeo, aliniambia kwamba Kocha anaumwa, amevimba miguu, na anaulizia watu wa timu.

"Aliniulizia mimi?"

"Wewe wa kwanza. Nenda."

Nilikwenda kwa bodaboda, nikiwa nimejiandaa. Nilitaka akiri. Sitaficha hilo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kati ya migomba na malisho, dereva akinieleza habari za bei ya kahawa na mimi nikiitikia bila kusikia. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, miguu juu ya kigoda, blanketi mapajani. Mikono yake mirefu ilikuwa imebaki mifupa. Zizi lilikuwa tupu, majani yameota ndani yake.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba." Alinitambua mara moja. Uso wake ulifunguka. "Senta."

Alimwambia mjukuu aniletee kiti. Aliniuliza habari za baba, za mama, za kazi. Nilijibu kwa mkato, nikisubiri nafasi ya kuanza. Kisha akainama mbele, akashusha sauti ile ndogo ikawa ndogo zaidi, na akauliza kwa furaha ambayo sikuielewa:

"Na mtoto? Hajambo?"

"Mtoto gani, Kocha?"

"Wako. Sasa atakuwa darasa ra nne. Nimehesabu."

Nilidhani ugonjwa umemfika kichwani. Nilicheka kidogo, kwa adabu.

"Kocha, mimi sijazaa. Sina mtoto."

"Hata yure wa kwanza?"

"Hakuna wa kwanza. Sijawahi kubeba mimba maisha yangu."

Alinitazama tumboni, kisha usoni, kisha akatazama lile zizi tupu. Kuku walikuwa wanachakura karibu na kigoda chake na yeye hakuwafukuza.

"Basi uripenda maziwa," akasema. "Uriyapenda tu."

"Sikuyapenda hata kidogo," nikamjibu, kwa sababu mimi ni mtu wa kusema ukweli, na kwa sababu sikujua ninasema nini. "Nilikuwa nakunywa ili unichague."

Kocha alirudi nyuma kwenye kiti. Aliweka viganja viwili usoni, kama mtu anayenawa, akabaki hivyo. Nilimwita mara mbili. Baadaye alisema amechoka, na mjukuu akamsaidia kuingia ndani. Maneno niliyoyapanga njiani sikuyasema. Niliondoka nikiwa na hasira kwamba hata safari hii ameniacha bila jibu.

Nilipitia kwa Kemilembe, nikamsimulia kama kichekesho: mzee amenizalia mtoto, eti yuko darasa la nne. Hakucheka. Aliweka chini kopo la dawa ya mifugo alilokuwa amelishika.

"Wewe," akasema taratibu. "Kwani hukujua maana ya 'nimeshiba'?"

"Maana yake nimeshiba."

"Mungu wangu."

Akanieleza, naye akiwa ameona aibu, ingawa sasa ni mama wa watoto wawili. Katika nyumba za wafugaji, msichana akiwa kwenye siku zake hanywi maziwa ya ng'ombe. Mama zao waliwaambia kwamba ng'ombe atatoa damu kwenye chuchu. Jambo lenyewe halisemwi, hasa mbele ya mwanamume. Kwa hiyo msichana alisema "nimeshiba", na Kocha akamketisha kivulini siku mbili tatu, akampa filimbi ashike, na hakuna aliyelazimika kueleza kitu. Wote walijua. Walidhani nami najua.

"Mwaka wa kwanza ulikuwa unasema ovyo ovyo," Kemilembe akasema, "tukadhani siku zako zimevurugika. Halafu ukaacha. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Unakunywa tu. Unakunywa huku unamkodolea macho. Sisi tulishajua una mimba."

"Na hamkuniuliza?"

"Tukuulize nini? Jambo kama hilo?" Akasogeza kopo pembeni. "Na ile siku baada ya orodha, unakumbuka tulipelekwa zahanati?"

Sikukumbuka. Sikuwepo.

"Wasichana wote wa safari walipimwa mkojo. Ilikuwa amri ya shule. Angekuandika, ungepimwa. Ungekutwa nayo, ungefukuzwa palepale, usingefanya hata mtihani wa kidato cha nne. Alikuacha ili usipimwe."

Nilikaa kwenye gunia la mbolea. Kulikuwa na mteja mlangoni anauliza chanjo ya kuku, na Kemilembe akamwambia arudi baadaye.

Nimejaribu kumlaumu, maana ndiyo tabia yangu. Mtu anayewafundisha wasichana kusemeana uchovu, kwa nini asiniulize hata kwa mafumbo? Kwa nini asimtume mwalimu wa kike? Kocha mzuri huuliza. Lakini swali lile, kutoka kinywa cha mwanamume wa kule kwenda kwa binti wa mtu, lisingekuwa swali. Lingekuwa tuhuma, na lingemfikia baba kabla ya jioni. Nami niliyekuwa nauliza kwa nini mizunguko ni miwili, sikuwahi kumwuliza mwenzangu hata mmoja kwa nini ameshiba kabla ya kula.

Nilipaswa kurudi Mabira kesho yake. Sikurudi. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi, kisha likizo ikaisha nikapanda basi la Mwanza. Sikujua ningemwambia nini mtu ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia, kwa mdomo wangu, kwamba alinikatia njia bure. Aliishi miezi minne baada ya siku ile. Kemilembe alinipigia simu asubuhi, na niliwahi maziko.

Wasichana tisa wa timu walikuja, wanawake sasa, wengine na watoto mgongoni. Tulisimama pamoja. Mmoja, yule wa akiba aliyekwenda Bukoba badala yangu, alinishika mkono wakati wa kutupa udongo akaushikilia mpaka mwisho.

Baba alikuwa amekuja nami, ameketi kwenye viti vya wageni na kofia yake ya kufuma. Njiani kurudi Isingiro, kwenye gari la kukodi, nilimsimulia yote, hata yale ambayo binti hamwambii baba yake. Nilimwambia kuhusu kikombe, kuhusu neno, kuhusu vipimo. Alisikiliza akitazama nje. Tulivuka daraja, tukapanda mlima.

Kisha akaniambia habari ya kikao cha ofisini, ambayo hakuwahi kuitaja nyumbani. Walikuwa mwalimu mkuu, wajumbe wawili wa bodi, yeye, na Kocha amesimama karibu na mlango. Walimwuliza mara tatu kwa nini alimwacha senta wake bora, na mara zote tatu alisema aliteua tu. Baba akasimama. Akamwambia: kama ipo sababu, iseme hapa, mbele yangu, mimi ndiye baba yake. Kama haipo, basi ni dini yetu, na tutaandika hivyo.

"Aliniangalia sana," baba akasema. "Mimi nikadhani ni kiburi. Akasema hakuna sababu nyingine, andikeni hivyo. Halafu akaomba kalamu, akatia sahihi."